Fomula za msuguano wa bomba: nilivyozielewa

Kilichonikwamisha ni zile namba zinazokaa ndani ya fomula bila maelezo. Kwenye mtiririko tulivu hakuna shida: f = 64/Re (f ni kigezo cha msuguano; Re ni namba ya Reynolds, inayokua kasi na kipenyo vikiongezeka na kupungua mnato ukizidi), unaitoa mwenyewe kwa kalamu ukianzia na sheria ya Newton ya mnato. Ukiingia kwenye mtiririko wa vurugu unakutana na fomula ya Blasius: f = 0.316/Re^0.25. Nilihangaika siku kadhaa nikitafuta 0.316 imetoka wapi. Kumbe imetoka kwenye vipimo! Watu walipima mabomba laini, wakapitisha mstari kwenye nukta zao. Ndiyo maana ukivuka Re ya 100,000 hivi haikufai tena.

Aliyenifungua macho ni mtafiti Nikuradse. Mwaka 1933 alichapisha vipimo vya mabomba aliyoyabandika chembe za mchanga ndani. Re ikipanda vya kutosha, f inaacha kushuka. Kinachobaki kuiamua ni ukubwa wa chembe ukilinganishwa na kipenyo.

Nikarudi kwenye mlinganyo wa Colebrook (1939), niliokuwa nikiukwepa kwa sababu f iko pande zote mbili:

1/√f = −2 log[(ε/D)/3.7 + 2.51/(Re√f)]

Hapa ε ni ukwaru, yaani ukubwa wa vinundu vya ukuta wa ndani wa bomba, D ni kipenyo, na log ni ya msingi 10. Safari hii nilikokotoa kwa mkono. Bomba la chuma, kipenyo milimita 100, ukwaru milimita 0.045, maji yakienda mita 2 kwa sekunde: Re ni 200,000. Nikakisia f = 0.02, nikapata 0.0185. Nikairudisha ndani, ikatoka 0.0186, na hapo ikatulia. Mizunguko miwili tu, na mimi nilikuwa naogopa!

Faida kubwa zaidi ilikuwa kuona vipande viwili ndani ya mabano. Cha ukwaru kilikuwa 0.00012, cha mnato 0.00009, karibu vilingane. Nilipoikuza Re mara kumi, cha mnato kikawa kama 0.00001. Kikabaki karibu cha ukwaru peke yake: mchanga wa Nikuradse huo hapo, ndani ya mabano.

Halafu nikajikwaa tena. Kitabu kingine kilinipa 0.0046 kwa bomba lilelile, nikarudia hesabu nzima nikidhani nimekosea. Kilikuwa kinatumia f ya Fanning, ambayo ni robo ya ile ya Darcy niliyoitumia hapa. Siku hizi nikifungua kitabu kigeni naangalia kwanza mtiririko tulivu: kikiandika 64/Re ni Darcy, kikiandika 16/Re ni Fanning.