Alkoblo na simu ya mtu
Jana usiku nilisimamishwa kwenye kizuizi nikitoka matanga Machakos. Afande akaninyooshea alkoblo (kifaa cha kupima ulevi kwa pumzi) yenye mrija uliokwisha kupulizwa na mtu mwingine. Nikamwomba kwa heshima aweke mpya. Alininunia, lakini akapasua pakiti nyingine. Nikapuliza, nikaruhusiwa.

Jamaa wa nyuma yangu ndiye aliyeniuma roho. Alishushwa, akapokonywa simu akitaka kumpigia mkewe. Jamani! Kifungu cha 49 cha Katiba ya Kenya kinampa aliyekamatwa haki ya kuelezwa sababu kwa lugha anayoielewa, kunyamaza, na kuwasiliana na wakili na watu wengine ambao msaada wao anauhitaji. Ulevi barabarani unaua, wapimwe wote. Ila simu ya mtu mrudishieni apige.