Jumatano asubuhi sipatikani

Jumatano kuanzia saa kumi na mbili asubuhi mpaka saa moja na nusu simu yangu inakaa kwa binti yangu mkubwa, mi naenda kukaa kimya peke yangu nifikiri, na maagizo niliyompa ni mafupi tu, kama sio msiba wala ajali mwambie mama atakupigia. Mwanzoni wateja walinuna. Sasa hivi wameshazoea, kuna fundi mmoja hata akitaka oda ya haraka anajisemea mwenyewe "aah leo Jumatano" anasubiri.

Mi nauza mbao hapa Iringa mjini. Zinatoka Mufindi, nyingine nanunua zimeshapasuliwa kule kwenye madingdong, zile mashine ndogo za kupasulia, nazileta yadi, na kama umewahi kukaa yadi ya mbao utajua hamna sehemu ya kuwaza pale. Huku wanashusha, huku fundi anataka mbao za mbili kwa nne za kenchi leo leo, dereva anapiga simu kasimamishwa geti la maliasili wanasema kibali kina kasoro, mtu wa mkopo nae anakumbushia rejesho, na kila mmoja anataka jibu sasa hivi, na wewe unajibu tu, unajibu mpaka jioni, ukilala unajiona umefanya kazi kweli kweli. Miaka kumi na moja nimeongoza hivyo, kwa kujibu.

Kilichonibadilisha ni jambo la mwezi wa saba mwaka jana, na bado linaniuma.

Tulihesabu stoo tukakuta mbili kwa nne sitini hazipo. Kijana wangu anaeshika funguo nimekaa nae miaka sita, hajawahi kunipotezea hata msumari, lakini siku hiyo nilikuwa na presha ya rejesho nikamwita mbele ya wapakiaji na wateja wawili, nikamwambia weka funguo mezani nenda nyumbani. Hakubisha. Aliziweka polepole, akavua ile koti ya kazi akaikunja akaiweka kwenye benchi, akaondoka. Lile koti lilikaa pale siku tatu na hakuna aliyeligusa.

Siku ya nne nikapanda Gangilonga. Sio kwamba nilikuwa na mpango wowote, daktari alishaniambia nitembee kwa sababu ya presha, na simu ilikuwa imeisha chaji nikaiacha nyumbani. Kwa wasiopajua, Gangilonga ni lile jiwe kubwa linaloangalia mji, na kwa Kihehe maana yake jiwe linaloongea. Wazee wanasimulia Mtwa Mkwawa, chifu wa Wahehe, alikuwa anapanda kukaa pale kutafakari. Mi nimezaliwa hapa hapa, hiyo habari naisikia tangu mtoto na sikuwahi kuiwaza mara mbili. Siku hiyo niliiwaza. Huyu ndiye aliyewapiga Wajerumani pale Lugalo tarehe 17 Agosti 1891, mtu mwenye vita mlangoni, na bado wanasema alikuwa anatafuta pa kukaa kimya. Mimi mwenye mbao nashindwaje?

Basi nikakaa. Baridi ya mwezi wa saba mnaijua, upepo unapita mpaka kwenye mifupa. Nusu saa ya kwanza kichwa kilikuwa kinapiga kelele kama mashine ya kupasulia, madeni, ada, dereva, alafu taratibu kikaanza kutulia. Na ndo ikaja yenyewe, sauti ya kijana mwingine wa yadi kwenye simu, Jumanne jioni nikiwa barabarani natoka Mafinga, "bosi niandike?" na mimi namjibu "acha, ntaandika mwenyewe, we mpakilie." Mbao sitini, za fundi wa kanisa, kwa mkopo. Nilizitoa mwenyewe kwa mdomo wangu na sikuandika popote.

Nilishuka lile jiwe nalia. Nikaenda mpaka kwake Kihesa nikamuomba msamaha, alafu kesho yake yadini nikamuomba tena mbele ya wale wale. Aliniambia kitu kimoja tu, "mama, ungeniuliza tu." Amerudi kazini, funguo anazo.

Toka hapo Jumatano haijanipita. Nimechagua Jumatano kwa sababu Jumatatu ni ya kupakia na Ijumaa nalipa vijana, katikati ya wiki bado kuna nafasi ya kurekebisha. Nabeba kaunta buku na kalamu, basi. Sipigi hesabu kule, hesabu zina siku yake. Naanza kila mara na swali moja, wiki hii nimeamua nini nikiwa na hasira au haraka, naandika yote hata madogo, alafu nakaa tu. Masika jiwe linateleza, nakaa ndani ya gari. Rafiki yangu mmoja anauza mchele Mwanjelwa kule Mbeya, yeye hana jiwe wala gari, anawahi stoo kabla watu hawajaja anafunga mlango anakaa juu ya magunia, na anasema inatosha kabisa.

Kwenye kikoba wananiuliza si unasali, yanini tena hiyo? Nasali ndio. Ila nikisali mara nyingi naongea mimi. Na wanaosema hawana muda nawakumbusha Mwalimu Nyerere, Januari 1962, nchi haijatimiza hata miezi miwili ya uhuru, aliacha uwaziri mkuu akamwachia Kawawa, akaenda kujenga chama, kukaa na wananchi, kufikiri na kuandika, Desemba akarudi akiwa Rais. Hakukaa kimya mwaka mzima, hapana, alizunguka sana, ila alijitoa kwenye kiti cha kujibu kila mtu. Sisi tunashindwa saa moja na nusu.

Jumatano hii nina jambo zito. Nimepata ofa ya kufungua yadi ya pili Dodoma, wenye eneo wanataka jibu na wamenipigia mara nne tangu juzi, ujenzi kule ni mwingi na hela naiona kabisa. Swali nimeshaliandika juu ya ukurasa, "nani atabaki na funguo za Iringa?" Wao nimewaambia Alhamisi.