Siku Moja Kwenye Chumba cha Skani, Arua

Saa 11 alfajiri
Adhana ya hapa Oli, mtaa wetu wa Arua, kaskazini-magharibi mwa Uganda, hunikuta nimeshawasha sigiri. Chai ya tangawizi, mihogo ya kuchemsha kwa ajili ya wanangu, na chupa ya maji kwa kila mmoja. Ni Februari, kiangazi chetu kikali. Mtoto anayecheza juani siku nzima bila kunywa maji, mkojo wake jioni una rangi ya chai. Wanangu wananiona msumbufu kwa sababu ya chupa hizi, lakini kila mwezi naona kwa macho yangu mawe yanayotokana na mkojo mzito kama huo.

Saa 1 na nusu asubuhi
Benchi la nje ya chumba ninachopigia skani (ultrasound) limejaa. Wengi ni wajawazito. Napita nikiuliza kama kuna aliyeleta mtoto mwenye shida ya mkojo, nao wakiwapo nawaomba wasimruhusu kukojoa kwanza. Kibofu kikiwa kitupu, jiwe linaweza kunipita.

Saa 3 asubuhi
Bibi mmoja ameingia na mjukuu wa miaka minne. Amebeba daftari la shule, kama ilivyo kawaida yetu, ambamo kila kliniki huandika ilichompa mgonjwa. Nikafungua. Dawa za maambukizi ya mkojo mara nne ndani ya mwaka mmoja, na mara moja dawa ya kichocho kwa sababu mkojo ulikuwa na damu. Kichocho kilichoenea kandokando ya Nile upande wetu huu ni cha matumbo, si cha kibofu, kwa hiyo damu ndani ya mkojo wa mtoto wa hapa ilitakiwa kumfanya mtu ajiulize zaidi. Hakuna ukurasa ulioonyesha kwamba kuna aliyemuuliza bibi mtoto anakojoaje.

Nikamuuliza mimi. "Mwanangu, anaanza vizuri, halafu mkojo unakatika ghafla. Analia, anauvuta uume wake. Akilala ubavu, unatoka tena." Bibi huyu alikuwa amenisomea ugonjwa wote kabla sijagusa mashine.

Kibofu cha mtoto hukadiriwa kwa kuchukua miaka yake, kuongeza miwili, kisha kuzidisha kwa 30. Huyu angebeba kama mililita 180. Nikampa maji, tukasubiri. Nilipoweka kifaa chini ya kitovu, likaonekana doa jeupe linalong'aa, na nyuma yake kivuli cheusi. Nikamgeuza ubavu, nalo likabingirika. Jiwe, zaidi ya sentimita mbili. Likikaa mlangoni mwa kibofu linaziba njia, akilala linasogea.

Bibi akauliza kwa sauti ya chini kama kuna mtu amemtendea mtoto ubaya. Nikamshika mkono. Nikamwambia mawe ya kibofu kwa watoto huwapata zaidi wavulana wadogo wanaokula wanga mtupu, uji na unga siku zote bila maziwa, yai, samaki wala maharage, tena wakinywa maji kidogo. Yaliwatesa watoto maskini wa Norfolk huko Uingereza karne ya 18 na 19, yakaja kupungua chakula kilipoboreka. Alinyamaza muda, kisha akasema samaki wa Pakwach, kule mtoni Nile, wamekuwa ghali. Ni kweli, wamekuwa ghali. Tukazungumza habari ya dagaa na maharage. Daktari wa upasuaji atalitoa jiwe kupitia mkato mdogo juu ya kinena.

Saa 5
Umeme umekatika, tumengoja jenereta dakika 40. Uliporudi nikapima wajawazito wanane.

Saa 7 mchana
Mama mkimbizi ametoka kambi ya Rhino Camp na mtoto wa kiume wa siku tisa. Tumeongea Kiarabu cha Juba, ambacho mimi Mnubi nakielewa kwa kuwa kinafanana na Kinubi chetu. Mtoto anatapika, hanyonyi, tumbo limevimba. Alikuwa ameambiwa ni gesi. Mkojo? Anatoa, akasema, pampasi haikauki. Nikamwomba aifungue. Matone, tone baada ya tone, bila mkondo hata mara moja.

Pampasi iliyolowa inadanganya. Kibofu kilichofurika nacho huvuja.

Kwenye skrini nikaona ukuta wa kibofu mnene, shingo yake imepanuka chini kama tundu la funguo, na figo zote mbili zimejaa maji. Picha hiyo kwa mtoto wa kiume hunifanya nifikirie kwanza utando ndani ya njia ya mkojo, anaozaliwa nao, unaoziba kama mlango unaofungukia upande usiofaa. Sikusubiri kuandika ripoti. Nilikimbia wodini mwenyewe. Daktari akaingiza mrija mwembamba wa kulishia watoto, namba 6, na mkojo ukatoka mwingi hata mama akalia. Damu yake ilionyesha potasiamu, chumvi ambayo figo zinatakiwa kuitoa, iko juu, hivyo dripu ikaanza. Kizuizi kikiondoka, figo huweza kumwaga maji kupita kiasi, kwa hiyo nesi anaandika kila saa kilichoingia na kilichotoka.

Saa 11 jioni
Utando wenyewe unakatwa kwa kifaa chembamba chenye kamera, na mtoto lazima kwanza apate nguvu ndipo asafirishwe. Kutoka hapa hadi Kampala ni karibu kilomita 500. Nimeandika barua ya rufaa kwa herufi kubwa, na mama nikamwelekeza kwamba mrija usichomolewe njiani na mtu yeyote, hata akiambiwa mtoto amepona.

Saa 3 usiku
Nesi wa zamu amepiga simu. Mkojo unaendelea kutoka, potasiamu inashuka, na mtoto amenyonya titi dakika kumi. Nimeuliza pia habari za yule wa jiwe. Amelala, kaandikiwa upasuaji Alhamisi, na bibi amelala chini ya kitanda chake, daftari likiwa chini ya kichwa.