Kabla ya Kukimbilia Sura ya 50

Bwana Yesu asifiwe, wapendwa.

Tukihubiri habari za Yusufu huwa tuna haraka. Dakika tano shimoni, kumi gerezani, halafu tunapaa mpaka Mwanzo 50:20: mlikusudia mabaya, Mungu akakusudia mema. Kanisa zima amina! Nami nimefanya hivyo mara nyingi.

Juma hili nimezuiwa na hakimu mmoja wa zamani, Samuel Sewall wa Boston. Mwaka 1700, Massachusetts ikiwa bado koloni la Uingereza, alichapisha kijitabu cha kurasa 3 tu kupinga utumwa, akakiita Kuuzwa kwa Yusufu. Nakala inayojulikana kubaki ni moja, nayo imetunzwa na Chama cha Historia cha Massachusetts.

Wenye watumwa wa siku zile walikuwa waumini, na hoja zao zilitoka kwenye Biblia. Walisema hata Ibrahimu alikuwa na watumwa. Tena walisema: tumewatoa Waafrika kwenye giza, tumewaleta wasikie Injili. Sewall akawajibu kwamba baya halitendwi ili jema lipatikane. Halafu akamrudia Yusufu: mema yote yaliyompata Misri, na faida yote iliyolifikia kanisa la Mungu, hayakuhalalisha hata kidogo kuuzwa kwake na ndugu zake.

Hapo nilifunga Biblia nikakaa kimya.

Nadhani aliweza kuandika hivyo kwa sababu naye alikuwa na deni. Mwaka 1692 alikuwa mmoja wa mahakimu wa kesi za uchawi za Salem, ambako watu 19 walinyongwa. Desemba 1696, nyumbani kwake kukiwa na msiba wa binti yake mdogo, mwanawe alisoma kwa Kilatini Mathayo 12, pale Bwana anaposema anataka rehema wala si sadaka, na kwamba wangelijua hilo wasingewahukumu wasio na hatia. Neno likamchoma. Januari iliyofuata, siku ya kufunga, alisimama kanisani mbele ya watu wote huku mchungaji akiisoma karatasi yake ya toba. Alisimama mpaka ikaisha, ndipo akainama. Hakimu mzima!

Lakini tusimpambe. Kwenye kurasa zizo hizo aliandika kwamba watu weusi hawawezi kamwe kuchangamana na weupe wakawa jamii moja. Mtu anaweza kuona mbali kwa jicho moja na jingine likabaki na mtoto wa jicho.

Alijibiwa mwaka 1701 na John Saffin, mfanyabiashara na hakimu mwenzake, aliyekuwa amemwahidi mtumwa wake Adam kwa maandishi kwamba baada ya miaka 7 atakuwa huru, kisha akageuka. Adam hakukubali. Alipambana mahakamani mpaka 1703, akaupata uhuru wake.

Basi juma hili tusome sura ya 37 polepole. Ndugu wanamvua kanzu, wanamtupa birikani, wanakaa kitako wanakula. Angalia: katika sura ile yote Yusufu hasikiki akilia. Kilio chake kinakuja kuandikwa 42:21, baada ya zaidi ya miaka 20, na wanaokisimulia ni walewale waliokuwa wakila.