Vichwa viwili, mkia mmoja

Leo hapa Ujiji nimewaonyesha kidato cha tatu, kwenye simu, picha ya kitoto cha papa kilichokutwa tumboni mwa mama yake, Ghuba ya Meksiko, 2011.

Vichwa viwili. Mioyo miwili. Mkia mmoja.

Nikaeleza: kiinitete kilianza kugawanyika wawe pacha, kikaishia njiani.

Kimya.

Watoto wa ziwani hawa, wanajua migebuka na dagaa, papa wamwone wapi?

Kisha mmoja, mtoto wa mvuvi, akanyoosha mkono: "Mwalimu, kichwa hiki kikitaka huku na kile kikitaka kule, mkia unatii kipi?"

Kengele ikaniokoa.

Nimefika nyumbani, ugali unapoa, bado nauwaza ule mkia.

Nyie mngemjibuje jamani?