Maji ya Wizi

Jana binti yangu alikuwa anapekua kabati la Bibi yake, akaibuka na kichupa cha marashi ya waridi. Marashi yalishakwisha zamani. Ndani kulikuwa na maji, labda kijiko kimoja.

"Mama, haya nimwage?"

Niliruka kitini kama niliyeona nyoka.

Si mnajua mdogo wangu alivyoolewa Hereford, Uingereza. Mtoto wao wa kwanza alipobatizwa, mama wa ubatizo nikawa mimi. Habari za viza, ndege na ile baridi ya Machi naziruka. Siku naondoka, pale stendi ya Muheza, Mama alinipa agizo moja tu: "Uniletee maji aliyobatiziwa mjukuu wangu." Nikaitikia tu, basi lilikuwa linanguruma. Ndipo akaingiza mkono kwenye khanga na kunikabidhi kichupa.

Kanisa lenyewe ni la kijijini. Birika la ubatizo liko karibu na mlango, maana kwa ubatizo ndiyo unaingia kanisani. Jiwe la pembe nane, la miaka ya 1400, lina kina cha kumtosha mtoto mzima. Zamani walizamishwa kweli. Mimi nikangoja lijazwe. Wapi! Waliweka ndani yake bakuli la stili, ndugu wa lile langu la kukandia chapati, kisha mzee mtunza kanisa akaja na birika la chai la umeme akamimina maji moto kidogo kuvunja ubaridi. Birika kwenye birika. Nilitafuta wa kucheka naye. Aliyejua Kiswahili mle ndani ni mdogo wangu peke yake, naye alikuwa analia.

Ibada ikaisha, watu wakaelekea kwenye chai na keki. Nikabaki nyuma, najifanya nasoma majina ya marehemu ukutani. Nikatazama kulia, kushoto. Nikainama, mkono wa kushoto nimeshika ukingo wa jiwe, wa kulia nimezamisha kichupa. Kile kichupa kina shingo nyembamba, kwa hiyo maji hayaingii kimya: blup, blup, blup, kanisa zima linaitikia. Moyo unanidunda. Kidole changu cha kati kilikuwa kimetumbukia kwenye kishimo pale ukingoni, kibaya, kimemeguka, ndani kina mabaki ya chuma chenye kutu.

"Hapo uliposhika palikuwa na kufuli," sauti ikasema nyuma yangu.

Alikuwa yule mzee, na kikombe chake mkononi. Hakuwa amekasirika, na hilo ndilo lililonimaliza. Akanieleza kwamba zamani maji yalikuwa yakibarikiwa wakati wa Pasaka yakakaa humo kwa majuma mengi, na watu walikuwa wakiyaiba kwa ajili ya uchawi. Mwaka 1236 Edmund, Askofu Mkuu wa Canterbury, akaagiza mabirika yafunikwe na kufungwa. Vyuma vya kufuli viling'olewa baadaye, makovu yakabaki kwenye mawe. Nikasema si uchawi, ni mama yangu. Sijui kwa nini nilidhani hayo ni maelezo.

Akaniambia nikijaze hadi juu, maana yaliyobaki angeyamwaga uani.

Kesho yake, kwa ushauri wake, shemeji alitupeleka kijiji cha Eardisley kuona birika la karne ya 12. Limechongwa zamani hizo na bado utamwona Kristo akimvuta mtu kwa kifundo cha mkono kutoka kwenye fundo la kamba. Upande mwingine askari wawili wanapigana, mmoja mkuki, mwingine upanga; wenyeji husimulia kuwa ni mtu na baba mkwe wake. Shemeji aliwatazama askari wale muda mrefu kidogo.

Kichupa kikafika Muheza. Nilifikiri Mama atakiweka karibu na Biblia. Akakifungua papo hapo, akamimina kiganjani, akajipaka kwenye goti lile linalomsumbua, huku akinong'ona Baba Yetu. Mimi nimekaa mbele yake, namfikiria Edmund na kufuli lake.

"Limepata nafuu," akasema juma lililofuata. Aliwahi kusema hivyo hivyo kuhusu mafuta ya nyonyo.

Habari ya kufuli sikumwambia. Na binti yangu naye, jana, nilimwambia tu akirudishe kabatini.

"Lakini ni ya nini?"

"Ya goti la Bibi," nikamjibu.