Maua Yana Msimu Wake, na Mimi Nina Wangu

Mimi ni fundi cherehani, Majengo, Dodoma. Mwaka wangu una kilele kimoja tu: Desemba ni magauni ya Krismasi, Januari ni sare za shule. Kipindi hicho hata msiba wa mbali natuma rambirambi kwa simu. Balaa ni kwamba maua ya Kitulo, hifadhi ya taifa iliyo kati ya Mbeya na Makete, nayo huanza kufumbuka Desemba hiyohiyo na kuendelea hadi Aprili, wala hayajali kwamba nina sketi mia mbili za rangi ya bluu mezani.

Habari za Kitulo nilizipata kwa mteja, dada mmoja wa Makete aliyeniletea satini. Alipoona nadarizi ua kwenye kola akacheka. "Fundi, hayo ya kwako ni ya kubuni. Kwetu kuna uwanda mzima unajiotea maua, watu wanauita Bustani ya Mungu." Nikajua ananogesha. Kila mtu kwao kuna bustani ya Mungu akiwa mbali nako.

Lakini neno lilinikaa. Agosti iliyofuata nilipeleka vitambaa vyangu kwenye maonyesho ya Nane Nane Mbeya, na yalipokwisha nikasema, si nipo jirani, ngoja nipande huko Kitulo. Nilipanda. Nikakuta nyasi zilizokauka, ukungu, na baridi ya kugonganisha meno. Askari wa hifadhi alinitazama nilivyojifunga kanga kichwani, akanionea huruma. "Dada, maua yapo, ila yamelala chini." Akanieleza kuwa mengi ya yale maua, hasa okidi, hujificha ardhini kama viazi wakati wa kiangazi na huamka kwa mvua. Wanaotaka kutembea kwa miguu bila tope huja Septemba hadi Novemba. Anayetaka maua lazima akubali kulowana. Nilikuwa nimelipa nauli na kiingilio kwenda kutazama majani makavu, ambayo Dodoma tunayo bure.

Safari ya pili niliipanga kwa daftari. Jambo la kwanza lilikuwa tarehe, na hapo ndipo nilipotumia akili nyingi kuliko pengine pote. Wifi yangu alitaka twende baada ya Krismasi, maana ana likizo. Nikamkatalia, na si kwa ajili ya oda zangu peke yake. Mwishoni mwa Desemba nusu ya Dodoma inarudi kwao Mbeya, Njombe na Iringa. Mwaka mmoja nilikata tiketi ya kipindi hicho kwa kijana aliyenidaka getini stendi, asubuhi nikakuta kiti changu kina mama mwenye mtoto na tiketi halali kuliko yangu. Pasaka nayo ni hivyohivyo. Tukabaki na Februari: sare zimeisha, watoto wako shuleni, mabasi yana nafasi, na uwandani maua yamechanganya. Tukachagua Jumanne. Wifi akaomba siku nne kazini, akapewa kwa kununiwa.

Hata hivyo Februari ni siku 28. Nilikuwa nimehifadhi namba ya mama mwenye gesti pale Matamba, mji mdogo wa jirani na hifadhi, nilikolala Agosti, nikawa nampigia kila Jumapili kama ninayeulizia mgonjwa. "Mama, maua yamefikia wapi?" Wiki ya kwanza akasema manjano yamejaa. Ya pili akasema okidi zimesimama, njooni. Nikampa malipo ya awali ya vyumba viwili siku ileile, maana gesti za Matamba ni za kuhesabu, na wageni wa maua wakigongana na wanunuzi wa viazi mviringo unaweza kulala kwenye benchi. Simu zile ndizo zilizonisaidia kuliko yote niliyosoma kwenye intaneti.

Fedha sitaieleza sana. Kibubu, elfu tano kila sare kumi. Kiingilio cha Mtanzania si tatizo. Kinachokula pesa ni gari la kukuzungusha uwandani, kwa hiyo nilimwomba mama wa gesti atutafutie wa kuchangia naye. Akapata vijana watatu wa chuo kutoka Mbeya. Gharama ikagawanyika, na zaidi ya hapo tukapata watu wa kusukuma.

Mama mkwe hakuwa kwenye mpango. Alikuja kutoka Mpwapwa kututembelea, akasikia, akasema, "Nami nitaenda kuyaona hayo maua yanayolipiwa." Ana miaka zaidi ya sabini. Kuanzia hapo daftari ikabidi liandikwe upya: viti vya mbele, dawa zake, masweta mawili, na safari kukatwa vipande. Dodoma iko kwenye mita 1,100 hivi juu ya usawa wa bahari, uwanda wa Kitulo mita 2,600. Mtu mzima humpandishi hivyo kwa siku moja.

Tulitoka stendi kuu ya Nanenane alfajiri, tiketi nimezikata mwenyewe dirishani siku tano kabla. Mpaka Iringa ni kilomita 260 hivi, lami tupu, unapita Bwawa la Mtera katikati. Mafinga, Makambako, halafu jioni tukashuka Chimala. Dereva wa Noah akatukimbilia, "Matamba, Matamba, bado watatu!" Wifi akainua begi. Nikasema hapana, tunalala hapa.

Sababu ni barabara. Kutoka Chimala kupanda Matamba wenyeji wanaiita Hamsini na Saba, kwa idadi ya kona zake. Ni ukuta wa mlima umechorwa zigizaga, na sehemu kubwa tuliyopita ilikuwa udongo. Msimu wa mvua, mawingu hupenda kumwaga mchana kwenda jioni, na asubuhi njia inakuwa angalau imepumua. Usiku ule ule, kabla ya kulala, nililipia hifadhi, kwa tarehe ya keshokutwa, kwa kontroo namba kupitia simu. Agosti nilikuwa nimefika juu, mtandao ukagoma, nikasimama dakika arobaini nimeinua simu kama ninayeomba dua. Kumbuka tu kibali huhesabiwa saa 24, kwa hiyo usilipie siku utakayoimalizia kwenye kona.

Asubuhi tukapanda. Mama mkwe alizihesabu kona kwa sauti, kwa Kigogo, hadi ishirini na kitu akachanganywa na konda aliyekuwa anamsahihisha. Chini yetu Usangu ilikuwa imetandazwa kijani, tambarare. Alipouliza kama tumeshafika, abiria mmoja akamsalimu kwa lugha ya huko, "Kamwene, bibi, bado kidogo." Naye akajibu kwa salamu ya Kigogo, "Mbukwenyi," na gari zima likacheka.

Tulipumzika Matamba siku ile yote. Kichwa kilimuuma kidogo, tukamnywesha chai ya tangawizi, akalala na masweta yote mawili. Kesho yake saa mbili tukaingia.

Sijui niseme nini kuhusu uwanda ule. Nilikuwa nimejiandaa kuona bustani, yaani mistari, matuta, rangi moja huku na nyingine kule. Hakuna. Ni majani mabichi mpaka macho yanachoka, na ndani yake vitu vimetawanywa bila kufuata mtaro: manjano madogo kama vifungo, zambarau iliyopauka, meupe yenye madoa, na yale marefu yaliyosimama kama mienge, juu mekundu, chini yamegeuka rangi ya embe. Ukishuka garini ndipo unagundua kwamba ulipodhani ni nyasi, ni maua. Okidi si kubwa kama za kwenye kadi. Nyingine ni ndogo kuliko kidole, lazima uchuchumae. Nimefanya kazi ya rangi miaka kumi na sita, na nyuzi ninazo katoni nzima. Niliona pale rangi tatu ambazo sina.

Muongozaji akatueleza kwamba kuna zaidi ya aina 350 za mimea, okidi peke yake aina 45, na kwamba eneo lilifanywa hifadhi ya taifa mwaka 2005. Sababu mojawapo ni zile okidi. Viazi vyake vilikuwa vikichimbwa na kuvushwa kwenda Zambia, kunakopikwa chakula kiitwacho chikanda. Wachimbaji walikuwa wakimaliza kilima kizima.

Mama mkwe, aliyekuwa kimya tangu getini, akamkatiza. "Wanang'oa mpaka chini?"

"Mpaka chini, bibi. Kiazi ndicho wanachokitaka."

"Basi hao hawajawahi kuchuma mlenda," akasema. "Mlenda unakata majani. Ukichimba, mwakani utakula nini?"

Vijana wa chuo wakaandika. Nadhani waliandika ile ya mlenda, si ile ya aina 350.

Saa sita kasoro wingu likaja kutoka upande wa milima ya Livingstone, likatufunika kama pazia. Mvua ikashuka. Wote tulikuwa na makoti isipokuwa wifi, ambaye alikuwa amebeba mwavuli wa maua uliogeuka nje mara moja tu ukaisha. Gari likazama tope kwenye mteremko mdogo ambao hata baiskeli ingepita. Hapo ndipo wale watatu walipolipa sehemu yao ya safari kwa mara ya pili. Mimi nilivaa mabuti ya mpira niliyonunua soko la Sabasaba, wifi alikuwa na raba nyeupe. Sitasema zaidi, bado tunaongea.

Tulirudi Matamba saa tisa, tukiwa na matope hadi magotini, tukala viazi vya moto na chumvi. Kama ningepanga tena ningeongeza siku ya pili ndani, maana asubuhi moja ni fupi na mchana ni wa mvua. Na ningempigia yule mama wa gesti Jumamosi pia.

Siku ya kurudi tulisimama Mtera, vijana wakaja dirishani na samaki wa kukaanga. Mama mkwe akachagua wawili, akawafunga kwenye gazeti, akaweka mapajani. Nilidhani amesinzia.

"Hayo tuliyoyaona ni ya Februari," akasema. "Ya Desemba yanakuwaje?"

"Tofauti kidogo, mama. Ndiyo yanaanza."

"Basi twende Desemba."

"Desemba nina magauni, mama."

Akanyamaza mpaka tukavuka daraja.

"Cherehani si unaweza kumwachia mtu?"